Njia Njema na Adabu ya Njiani



Wazee walituachia neno hili: "Mwenye nguvu mpishe." Lina akili, kwani asiyempisha tembo hukanyagwa. Lakini je, lafaa kuwa sheria ya barabara za mji? Baisikeli ipishe lori, mwenda kwa miguu aipishe baisikeli. Na mzee mwenye fimbo, asiyeweza kuruka upesi, afanye nini? Leo nataka tutazame mji mmoja uliojaribu kuigeuza sheria hiyo. Tutaona pale ulipofaulu, na pale ulipopungukiwa.

Mji wenyewe ni Toronto, katika nchi ya Kanada, kando ya Ziwa Ontario. Zamani ukingo wa ziwa hilo ulikuwa mahali pa bandari, reli na maghala. Kazi ya bandari ilipopungua, watu wa mji walianza kulirudia ziwa lao. Mwaka 1972 serikali ya Kanada ilitangaza kwamba sehemu ya ukingo ule itakuwa ya raia wote. Ghala moja kubwa la zamani likageuzwa, na mwaka 1983 likafunguliwa likiwa na nyumba za kukaa, ofisi na maduka. Watu wakaja kwa wingi. Lakini barabara ya mahali pale, iitwayo Queens Quay, haikubadilika pamoja nao. Ilikuwa bado na njia nne za motokaa na reli za tramu, na nafasi ndogo tu kwa wenda kwa miguu.

Tena palikuwa na jambo la kusikitisha. Iko njia ya baisikeli ifuatayo ukingo wa ziwa, iitwayo Martin Goodman Trail, kwa kumkumbuka aliyekuwa mkuu wa gazeti la Toronto Star. Njia hiyo ilipofika Queens Quay ilikatika. Basi, mpanda baisikeli alikuwa na mambo mawili ya kuchagua: ama aingie kati ya motokaa na reli, ambazo hunasa gurudumu jembamba na kumwangusha mtu, ama apande njia ya miguu na kuwatisha wazee na watoto. Wengi wakasema, "Wapanda baisikeli hawa hawana adabu!" Ni kweli, wengine hawakuwa nayo. Lakini mwanafunzi asiyepewa benchi, je, tumwadhibu kwa sababu amesimama?

Mwaka 2001 serikali tatu, yaani ya nchi, ya jimbo na ya mji, ziliunda shirika moja la kutengeneza upya ukingo wa ziwa, nalo huitwa Waterfront Toronto. Mwaka 2006 shirika hilo lilifanya shindano la wachoraji wa ramani, wakashinda West 8 wa Uholanzi pamoja na DTAH wa Toronto. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo walifanya jaribio la siku 10: njia mbili za motokaa zilizo upande wa ziwa zilifungwa, wakapewa wapanda baisikeli na wenda kwa miguu, na maua yakapangwa hapo. Ndiyo hekima ya fundi cherehani: hupima kabla ya kukata kitambaa.

Mwezi wa Juni 2015 barabara mpya ilifunguliwa. Motokaa zimebakiwa na njia mbili tu, upande wa mbali na ziwa. Zinafuata reli za tramu. Kisha ipo njia ya lami ya baisikeli, ya kwenda na kurudi. Kisha miti, na mwisho, upande wa ziwa, njia pana ya mawe mekundu na ya kijivu, yaliyopangwa kwa mfano wa majani ya mti uliomo katika bendera ya Kanada. Hiyo ni ya wenda kwa miguu. Aliyekuwa amesukumwa pembeni amepewa mahali pazuri kuliko pote.

Je, matata yakaisha? La. Madereva kadhaa walidanganyika, wakaingia katika reli za tramu. Tena wengine walishuka na motokaa zao hata ndani ya tundu la tramu lipitalo chini ya ardhi, ikabidi kuwekwa lango la kuwazuia. Wenda kwa miguu waliona lami laini ya baisikeli, wakatembea juu yake. Na penye njia panda, ambapo abiria washukao tramu huivuka njia ya baisikeli ili kwenda ziwani, wapanda baisikeli wengi hawakusimama. Taa nyekundu yao ipo, lakini waliona kwamba wamo katika njia ya matembezi, si barabarani. Nayo sheria ya jimbo la Ontario huihesabu baisikeli kuwa gari: taa za barabara zaihusu, na kengele ni lazima iwe nayo.

Yatupasa kutafuta sababu, wala tusikimbilie kulaumu. Pale ambapo njia ilisema waziwazi, "Hapa ni pako," watu wengi walitii bila kuhimizwa. Pale ambapo haikusema wazi, kila mmoja alijisemea moyoni kwamba haki ni yake. Ndiyo maana baada ya kufungua barabara walirudi kuongeza alama na vibao. Hawakuona haya kusahihisha kazi yao, na katika hilo wanastahili sifa.

Mji mwingine wa bandari, Kopenhagen katika Denmark, ulifuata njia tofauti. Huko, mwaka 2006, lilijengwa daraja la baisikeli na la wenda kwa miguu juu ya maji ya bandari. Lakini ili kulifikia, wapanda baisikeli walishuka ngazi wakibeba baisikeli zao, au walijipenyeza kati ya watu waliokuwa wakitembea ukingoni. Mwaka 2014 walijengewa njia yao wenyewe, yenye rangi ya machungwa, ikipita juu kama nyoka kwa meta 200 hivi. Nayo huitwa Cykelslangen. Sasa wapanda baisikeli hupita juu, na wenda kwa miguu hutembea chini kwa raha. Pale palipokuwa na ugomvi, ujenzi mzuri umeuondoa kabisa.

Lakini haiwezekani kujenga daraja kila mahali. Hata mji wenye mali nyingi utakuwa na kituo ambapo mama anashuka katika tramu, amebeba mtoto mmoja na kumshika mwingine mkono, na hapo hapo yuko kijana anayekuja mbio, labda juu ya baisikeli ya umeme, kama hizo zilizoongezeka siku hizi. Mchoraji amekwisha fanya kazi yake, na taa inawaka. Sasa yamebaki mapenzi ya kijana yule. Akikaza mwendo, mifupa ya mtoto haitauliza nani alikuwa na haki.

Kwa hiyo wakosa wale wasemao, "Tuwafundishe watu adabu, barabara zitakuwa salama," huku wakiwaacha bila njia. Wakosa vilevile wale wasemao, "Tujenge njia nzuri, adabu itakuja yenyewe." Njia njema hupunguza vishawishi, haiondoi wajibu. Wenye mamlaka wana deni la kwanza, nasi tupitao tuna la pili, wala deni moja halilipi lingine.

Na ninyi wanafunzi mwendao shule kwa baisikeli, shikeni haya matatu. Pigeni kengele mkiwa bado mbali, si mgongoni mwa mtu. Punguzeni mwendo kabla ya kufika penye watu wanaoshuka garini. Na mkimwona mzee anasitasita katikati ya njia, wekeni mguu chini, mngoje hata avuke. Mtachelewa kidogo tu, naye atafika kwake mzima. Siku hiyo mwenye nguvu ndiye atakayekuwa amempisha mnyonge.