Simu ya mwanafunzi ni ya nyumba nzima

Mhariri,

Sipingi shule za Uganda kukataza simu darasani. Mtoto anayetazama video chini ya dawati hasomi, na mwalimu mwenye darasa lililofurika, kama tulivyozoea hapa kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, hana muda wa kugombana naye. Ninachopinga ni simu kupondwa kwa nyundo mbele ya wanafunzi, au kufungiwa ofisini hadi muhula uishe.

Huku Juru simu anayokamatwa nayo mtoto mara nyingi si yake. Ameibeba ili aichaji kwenye senta ya biashara akitoka shule, maana nyumbani umeme hakuna. Laini iliyomo ndiyo inayopokea hela za ndugu walioko Mbarara, na ndiyo namba pekee anayoijua shangazi aliyebaki Kongo. Mji wa Goma, hukohuko Kongo, ulipotekwa na waasi Januari 2025, tuliwatafuta watu wetu kwa simu hizohizo.

Tena simu ni chombo cha kusomea pia: shule zilipofungwa kwa sababu ya korona Machi 2020, madarasa mengine yakisubiri mpaka Januari 2022, tuliambiwa watoto wasomee redioni, kwenye televisheni na mtandaoni. Wenye vifaa walisoma. Wetu walishika jembe.

Shule ya kutwa inahitaji sanduku lenye kufuli na daftari tu: simu iandikwe asubuhi, irudishwe jioni. Katika shule ya bweni, simu ikikamatwa, aitwe mzazi aichukue mwenyewe. Mtoto akirudia, aadhibiwe yeye. Bibi yake anayengoja hela ya dawa hajavunja sheria yoyote.

Mzazi,
Juru, Nakivale