Ndiyo 95 kwa Mia, na Maduka Matupu

Katika somo la Historia twasoma ya kuwa Oktoba 1980 Mwalimu Nyerere alichaguliwa tena kuwa Rais kwa kura za Ndiyo zipatazo 95 kwa mia. Nami hushangaa, maana mwaka ule nchi ilikuwa taabani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, vita ya Kagera ilikuwa imekula fedha nyingi, na bei ya mafuta ilikuwa imepanda dunia nzima. Mwalimu mwenyewe alikwisha kuwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Wazee wa hapa Babati (siku hizo tulikuwa bado Mkoa wa Arusha) wanazikumbuka foleni za sukari, na mche wa sabuni uliogawanywa vipande vipande.

Wenzangu wengine husema wazee wetu waliogopa. Wengine husema walimpenda Mwalimu hata njaa haikuwa kitu. Mimi naona pande zote mbili zaisumbua tarakimu ile bure. Karatasi ya kura ya Rais ilikuwa na mtu mmoja tu: Ndiyo au Hapana. Mwaka 1975 Ndiyo zilikuwa kama 93 kwa mia. Miaka mitano baadaye, maduka yakiwa matupu zaidi, zikaongezeka! Na mwaka 1985, Mwalimu alipong'atuka akasimama Mzee Ali Hassan Mwinyi, mtu mwingine kabisa, zikawa 95 vile vile. Kipimajoto kisichopanda wala kushuka hakimwambii mganga kama mgonjwa ana homa.

Lakini wazee hawakuwa mabubu. Kura ya Mbunge ilikuwa na watu wawili, mmoja alama yake jembe, mwenziwe nyumba, na huko ndiko waliposema. Mwaka 1965 hata Waziri wa Fedha, Bwana Paul Bomani, aliangushwa. Mwaka 1980, katika uchaguzi ule ule wa Ndiyo 95, wabunge wengi walinyimwa kura wakarudi makwao. Wapiga kura ni wale wale, na foleni ya sukari ni ile ile.

Jambo hili si la mtihani tu kwetu tulio na miaka 17, maana uchaguzi mkuu ujao nasi tutapanga mstari. Basi tukiulizwa wananchi walisema nini mwaka 1980, tusikimbilie kura za Rais. Tutafute kwanza matokeo ya wabunge, tukianza na ya Wilaya ya Hanang', ambamo Babati ilikuwamo wakati ule.