Wenye Ziwa Tanganyika wajifunze kupanga mawe ya samaki

Kwa mkazi wa Mpanda, jina la Ikola humkumbusha dagaa na migebuka. Kwa mfugaji wa samaki wa mapambo nchini Ujerumani, jina hilohilo ni la samaki mdogo mweusi mwenye mshipi mpana wa njano, wa kundi ambalo wataalamu huliita Tropheus. Wafugaji wa huko humwita samaki huyo kwa jina la kijiji hicho cha mkoa wa Katavi, humzalisha katika matangi ya kioo na kuuziana vifaranga wake. Wengi wao hawajawahi kukanyaga Tanzania.

Hili si jambo geni. Miaka ya 1890 Mjerumani Walter von Saint Paul, aliyekuwa mtawala wa Tanga, alipeleka kwao ua dogo la zambarau kutoka milima ya Usambara. Leo ua hilo huoteshwa na kuuzwa kwenye vyungu duniani kote, na mkulima wa Usambara hapati hata senti. Samaki wa Ikola anapita njia ileile, ila bado nafasi ipo kwa sababu ziwa lenyewe, maji yake na mawe yake viko hapa.

Ziwa Tanganyika lina kina cha takriban mita 1,470, la pili duniani kwa kina. Lina zaidi ya spishi 200 za samaki wa jamii moja na perege, na karibu zote hazipatikani pengine popote. Nyingi huishi kwenye miamba ya ufukweni. Hula mwani unaoota juu ya mawe, hujificha na kuzaliana kwenye mapango yake. Tropheus haachi miamba akavuka eneo pana la mchanga, ndiyo maana wa Ikola ana rangi yake na wa fukwe nyingine wana rangi zao.

Tabia hiyo ndiyo inayompa bei, na ndiyo inayomweka hatarini. Jike la perege wa bwawani hutoa mayai kwa mamia, lakini jike la Tropheus hutoa mayai machache, mara nyingi yasiyozidi 20, na huyaatamia mdomoni kwa takriban mwezi mmoja. Wakivuliwa wengi kwenye mwamba mmoja, hakuna wa jirani watakaokuja haraka kuziba pengo. Anayetaka biashara ya kudumu hana budi kuwazalisha, na uzalishaji wa samaki wa miamba huanzia kwenye kupanga mawe.

Wapo wanaodhani kuwa mawe ndani ya tangi ni urembo tu. Hawa hupata hasara mapema. Samaki hawa ni wagomvi. Katika tangi tupu, dume mwenye nguvu huwaona wenzake wote na huwafukuza hadi wafe. Mawe yakipangwa kwa vichuguu viwili au vitatu vyenye mapango na njia za kupenya, macho hukatizwa, mnyonge hupata pa kukimbilia na jike lenye mayai hupata utulivu. Kwa hesabu ya mfanyabiashara, pango moja la ziada ni samaki kadhaa waliookolewa.

Kazi yenyewe haihitaji mashine. Tangi la urefu wa sentimeta 120, upana 50 na kimo 50 hubeba lita 300, yaani kilo 300 za maji kabla ya kuweka jiwe hata moja. Kwa hiyo linahitaji meza imara iliyo sawa. Mawe makubwa hutangulia, yakae juu ya sakafu ya tangi kwenye kitandiko laini cha plastiki kisichodhuru samaki, ndipo mchanga umwagwe kuyazunguka. Wanaotanguliza mchanga hujuta, kwani samaki wengi wa ziwa hili huchimba, na jiwe lililokaa juu ya mchanga huporomoka likapasua kioo. Kila jiwe litikiswe kwa mkono kabla ya kuongeza jingine juu yake. Kati ya mawe na kioo ibaki nafasi ya kupita kitambaa cha kusafishia, na maji yaweze kuzunguka nyuma ya mawe ili uchafu usirundikane.

Aina ya mawe nayo ina maana yake. Jiwe la chokaa hutoa povu likidondoshewa tindikali, na siki kali ya nyumbani hutosha kulijaribu. Jiwe hilo halina tatizo hapa, kwa kuwa maji ya Tanganyika yenyewe ni magumu na yana magadi. Hatari kwa watu wa Mpanda ni mawe ya machimbo. Reli ya kutoka Kaliua hadi Mpanda ilijengwa kwa ajili ya madini ya risasi, na miamba ya huku ina shaba pia. Madini hayo ni sumu kwa samaki. Jiwe lenye ukungu wa kijani au vimeta vya chuma lisiingie kwenye tangi. Mawe yachukuliwe mashambani au kwenye kokoto zisizo na madini, yasuguliwe kwa brashi na maji matupu bila sabuni. Yasing'olewe ziwani, maana kuvunja nyumba ya samaki ili kujenga nyumba ya samaki si biashara.

Tangi likishajaa maji, samaki wasiingizwe siku hiyohiyo. Bakteria wanaogeuza amonia ya kinyesi cha samaki kuwa naitriti, kisha naitreti isiyo na madhara makubwa, huota juu ya mawe, mchanga na kichujio, nao huhitaji kati ya wiki nne na sita. Wanaofuga samaki wa bahari hufuata kanuni hiyohiyo kwa vipande vya mawe ya matumbawe. Asiye na subira huzika mtaji wake wiki ya kwanza.

Sasa upimwe mzani. Mfugaji wa Ulaya hununua mawe, huchanganya chumvi ili maji yafanane na ya Tanganyika, na hulipia umeme wa kuyapasha moto majira ya baridi. Mkazi wa Ikola au Karema ana vyote hivyo mlangoni. Anachokosa ni ujuzi, kioo, pampu na soko. Soko la nje lina ushindani mkubwa na safari ndefu, hivyo busara ni kuanzia ndani, kwenye hoteli, benki na ofisi za Mpanda, Mwanza, Dodoma na Dar es Salaam. Anayeuza tangi lililokwisha kupangwa mawe, na akawa analihudumia kila mwezi, hupata kipato kisichoishia kwenye mauzo ya samaki mmoja mmoja.

Umuhimu wa kipato cha pili ulionekana mwaka 2024, uvuvi katika ziwa hili uliposimamishwa kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei, ili samaki wapumzike. Wasio na shughuli nyingine walibanwa.

Mkulima asidhani hayamhusu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1993, ukiongozwa na Andrew Cohen, ulionyesha kuwa aina za viumbe hupungua kwenye fukwe za ziwa hili zinazopokea tope jingi kutoka milima iliyofyekwa. Tope huziba mapango na kufunika mwani. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ufukwe. Matuta ya kukinga maji na mistari ya majani juu ya mita hizo huokoa udongo wa shamba na mwamba wa samaki kwa pamoja.

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Vikundi viwili au vitatu vya Ikola na Karema vikopeshwe, vifundishwe na wataalamu wa uvuvi walioko Kigoma, na vipate leseni kwa mujibu wa sheria kabla ya kugusa samaki wa ziwani. Jina la Ikola limeshajitangaza lenyewe. Kilichobaki ni wana Ikola kulila matunda yake.