MZAHA WA BAA NA BEI YA KINYWAJI



Katika mambo yazungumzwayo na makarani baada ya saa za kazi, ni machache yachekwayo kama bei ya kinywaji. Ushuru wa bia ukiongezwa leo, kesho jioni mzaha wake umekwisha kutungwa mezani. Mmoja atasema ya kuwa bia imepandishwa cheo bila kufanya mtihani, na hali yeye yu katika daraja lile lile mwaka wa saba. Mwingine atamtaka mhudumu amrudishie bei ya povu, kwa kuwa yeye aliagiza bia. Wa tatu ataonyesha lile tangazo lililobandikwa ukutani, lisemalo kwamba leo ni fedha na mkopo ni kesho, naye ataapa kwamba amekuwa akiingojea hiyo kesho tangu alipoajiriwa.

Labda wako watakaouliza, yahusu nini gazeti la chama kushughulika na maneno ya mezani? Twawajibu kwamba mizaha hiyo hutuonyesha mahali fedha yetu ipitapo, na tena twaona ya kuwa katika siku hizi za bei kupanda mzaha umeanza kumgeukia mtu asiyestahili kuchekwa. Hilo ndilo tutakalo kulinena.

Kwanza yafaa kukumbuka jinsi chupa ya bia ilivyopata heshima yake kwetu. Hadi miaka ya 1940 sheria za Kenya zilimkataza Mwafrika bia ya chupa. Aliruhusiwa pombe ya kienyeji tu, na mjini Nairobi alipaswa kuinywa katika kilabu cha baraza la mji, kama kile cha Pumwani kilichoanzishwa katika miaka ya 1920. Faida ya kilabu hicho ilitiwa katika mfuko wa kuendeshea mambo ya Waafrika mjini. Maana yake, mnywaji alijigharimia huduma zake mwenyewe kwa kikombe alichokinywa. Ilhali kiwanda cha bia kilikuwako tangu mwaka 1922, na husimuliwa ya kuwa mmoja wa ndugu wawili walioanzisha kiwanda hicho aliuawa na ndovu mwaka 1923, ndipo bia ya Tusker ikapata jina lake. Basi bia ilikuwa ikipikwa mjini mwetu, lakini karani Mwafrika hakuwa na ruhusa ya kuinunua.

Mlango ulipofunguliwa, chupa haikuwa kinywaji tu. Ilikuwa dalili ya kwamba mtu amehesabiwa kuwa mtu. Urithi huo tungali nao. Kwa sababu hiyo, hata leo mtu mwenye mshahara huona haya kuonekana na kikombe cha bei ndogo, na wenzake wakimcheka huumia moyoni zaidi ya jinsi aonyeshavyo usoni.

Pili, tutazame majina. Wanywaji wetu wana ufundi mkubwa wa kuvipa vinywaji majina, na mara nyingi jina huwa ni mzaha juu ya bei au juu ya hatari. Mwaka 2004 ilitolewa bia ya pipa iitwayo Senator, iliyopunguziwa ushuru ili mtu wa kipato kidogo aache pombe haramu. Kwa kuwa Barack Obama alichaguliwa kuwa seneta huko Marekani mwaka huo huo, watu waliipa bia hiyo jina la Obama. Huo ulikuwa mzaha mwema, usiomdhuru mtu.

Lakini liko jina jingine, nalo ni kumi kumi. Pombe hiyo iliitwa hivyo kwa sababu kikombe chake kiliuzwa kwa shilingi 10. Mwezi wa Novemba mwaka 2000, katika vitongoji vya Nairobi, pombe ya namna hiyo iliyotiwa methanoli iliua watu zaidi ya 100, na wengine wakapofuka. Methanoli haina rangi, wala mnywaji hawezi kuitambua kwa urahisi kwa kuionja. Ikiisha kuingia mwilini hugeuka asidi inayoharibu mshipa wa macho, na dalili zake huweza kukawia kwa saa nyingi, hata mtu akadhani amesalimika. Twajua wote ule mzaha wa mlevi aulizaye ni nani aliyezima taa. Na tuukumbuke unavyohusu watu waliokuwa wameketi penye taa, nayo taa ilikuwa ikiwaka.

Mwaka 2010 bunge lilipitisha sheria mpya ya vileo, ambayo mabaa yaliipa jina la Mututho, yule mbunge aliyeileta. Sheria hiyo iliweka saa za kunywa, na ikaruhusu chang'aa itengenezwe kwa masharti. Mwaka 2013 ile bia ya pipa ilitozwa ushuru, bei ikapanda na mauzo yake yakaanguka sana. Mwezi wa Mei mwaka 2014 makumi ya watu wakafa tena kwa pombe ya sumu. Mwaka 2015 serikali ikairudishia bia hiyo nafuu ya ushuru. Hatusemi kwamba kila kifo kililetwa na ushuru, kwani mwenye kutia sumu katika kinywaji ndiye mwenye hatia. Twasema tu kwamba bei ikipanda kiu haipungui kwa kadiri ile ile, na mtu aliyeshindwa na chupa hutafuta mahali pengine pasipo na jina wala risiti.

Sasa twarudi mezani petu. Mwanachama asiyeweza bei mpya ana njia tatu. Aweza kunywa kidogo, aweza kukopa, au aweza kwenda kule gizani. Iliyo salama ni ya kwanza, nayo ndiyo ichekwayo! Anayeketi na chupa moja kwa saa mbili huulizwa kama ameiotesha mizizi. Akiondoka kabla ya zamu yake ya kununulia meza, huitwa mkono wa birika. Lakini akikopa huitwa mwanamume, naye husifiwa hadi tarehe ya kulipa. Wazee walisema kwamba kukopa arusi, kulipa matanga. Na matanga hayo hayafanyiki baa, hufanyika nyumbani, mtoto arudishwapo kutoka shule kwa ajili ya karo.

Tufanye hesabu, kwa kuwa sisi ni watu wa hesabu. Tuseme watu watano wameketi pamoja, na chupa moja ni shilingi 250. Kila mmoja alikuja kwa nia ya kunywa chupa mbili, yaani shilingi 500. Lakini desturi yataka kila mtu anunulie meza nzima mara moja. Watanywa chupa 25, na kila mmoja atatoa shilingi 1,250. Wakikutana mara mbili kwa juma, katika majuma manne kila mmoja ametoa shilingi 10,000 badala ya 4,000. Zile 6,000 zilizozidi hakuzitamani hata mmoja wao. Zilitolewa kwa kuogopa kuchekwa. Na yule mwenye mshahara mdogo kuliko wote mezani ametoa sawasawa na bwana mkubwa wake, kisha amalizia mwezi kwa mkopo wa simu.

Hatuwahubirii wanachama waache kunywa, wala hatutaki mizaha ikome. Kazi ya ofisi ni kavu, na mtu aliyekaa mchana kutwa mbele ya majalada anastahili kucheka na wenzake jioni. Tena mzaha una haki yake, kwa maana huwasema wakubwa pale ambapo barua haithubutu. Wacheni ushuru uchekwe. Wacheni mwenye baa achekwe, hasa apunguzapo kipimo, kwani mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na asipochekwa hulitia maji pia.

Lakini twawaomba wanachama mambo matatu. La kwanza, kila mtu na alipe chake, na anayetaka kumnunulia mwenzake afanye hivyo kwa hiari bila kungojea kurudishiwa. La pili, mtu akisema chupa moja yamtosha, neno lake lichukuliwe kuwa limekwisha, na wakubwa wa ofisi wawe wa kwanza kulisema ili wadogo wapate kinga. La tatu, mwanachama aliyekwisha kuingia katika deni asione haya kumwendea katibu wa tawi lake. Mfuko wa kusaidiana haukuwekwa kwa ajili ya mazishi peke yake, na ni heri tuchange kwa ajili ya karo ya mtoto kuliko kuchanga kwa ajili ya jeneza la baba yake.

Matawi yaombwa kulizungumza jambo hili katika mkutano wa mwezi ujao na kutuletea maazimio yao. Na iwapo mkutano huo utafanyika mahali penye vinywaji, kama tujuavyo utafanyika, basi bili na igawanywe kwa kadiri ya kila mtu alichokunywa.