Mchoro Mweupe Mtupu? Weka Simu Chini Kwanza, Halafu Tembea

Wadau, ikipostiwa picha ya mchoro mweupe ukutani, komenti zinajulikana. "Hata mdogo wangu wa chekechea anachora hii." "Watu wana hela za kuchezea." Emoji za kucheka kibao. Leo nawapinga, na sababu ninayo.

Kuna mama mmoja wa Marekani anaitwa Mary Corse, kazaliwa 1945. Mwaka 1968 alikuwa anaendesha gari huko Malibu, California, akaona alama za barabarani zinawaka mbele yake. Hiyo wote tunaijua: taa za gari zikiipiga ile mistari usiku, inang'aa. Siri ni vipunje vya kioo, vidogo sana. Mwanga unaingia kwenye kipunje, unapinda, unagonga nyuma, unarudi kule kule ulikotoka. Corse akavichukua vipunje hivyo akaviweka kwenye michoro yake ya rangi nyeupe.

Hakuna taa humo, hakuna waya. Ila ukisogea hatua mbili, pale palipokuwa peupe tu panawaka. Mstari ambao hukuuona unajitokeza. Sogea tena, umepotea. Yaani nusu ya kazi inafanywa na miguu yako. Mkisimama wawili, we huku na mwenzio kule, kila mtu anaona chake.

Sasa simu inafanya nini? Inasimama sehemu moja, inabonyezwa mara moja, inakuletea ukuta mweupe. Halafu we uko kitandani na bando lako, unatoa hukumu! Mchoro hujauona kaka, hujauona dada. Umeona maiti yake.

Sikatai, wababaishaji wapo. Wapo wanaobandika vioo na vitu vya kumetameta ili watu wapige selfie tu, majina sitaji. Kipimo changu ni hiki: kitu kikipendeza zaidi kwenye simu kuliko ukisimama mbele yake, kitilie shaka. Hii michoro ya Corse ni kinyume. Simu inaiua, jicho linaifufua.

Na tukicheka tujue kuna mtu analipia. Maonyesho ya kwanza ya makumbusho ya kupitia kazi zake za maisha, yeye peke yake, yalifanyika Whitney, New York, mwaka 2018. Alikuwa na miaka 72! Miaka 50 tangu aanze na vile vipunje. Alikuwa kazini muda wote, ila dunia ilichelewa kusogea hatua mbili.

Mimi naona hata watu tunawafanyia hivyo hivyo. Picha moja, kona moja, tumemaliza: huyu hana lolote.

Kwa hiyo kabla hujaweka kile kikatuni cha kucheka, jiulize: nimekiona, au nimekipita na kidole?

Mnaobisha njooni hapo chini, ila matusi hapana. Kipi ulikidharau kwenye simu, ulipokiona laivu ukanyamaza?