Mwenye Uwezo Hakosi Kiti: Kuhusu Kuunda Baraza la Parokia

Katika uchaguzi mmoja wa viongozi wa walei niliouhudhuria, kwenye parokia ya Kanda ya Ziwa ambayo sitaitaja, mzee mmoja alisimama baada ya Misa akasema, "Ndugu zangu, safari hii tuchague mtu mwenye uwezo." Kanisa zima lilimwelewa. Hakuwa na maana ya uwezo wa kusikiliza, wala wa kuandika muhtasari, wala wa kupatanisha jumuiya mbili zinazogombania kiwanja cha kigango. Alikuwa na maana ya fedha. Jina likatajwa, makofi yakapigwa, na mtu ambaye majirani hawakumbuki kumwona katika sala za jumuiya akawa mwenyekiti wa miaka mitatu.

Kisa hicho kimenirudia nilipokuwa nikitafakari jinsi Baraza la Kichungaji linavyopaswa kuundwa mahali kama Buhemba, wilayani Butiama. Buhemba ni nchi ya dhahabu. Duara likitoa mali, watu wanamiminika, maduka yanafunguliwa, na aliyekuwa kibarua jana leo anasalimiwa kwa shikamoo asizostahili umri wake. Duara likikauka, wanahama. Mahali pa namna hiyo neno "uwezo" lina bei inayopanda na kushuka, na baraza litakaloundwa kwa kipimo hicho litapanda na kushuka nalo.

Kuna sababu nyingine ya kuichagua Buhemba. Katika miaka ya 2000 mgodi wake uliendeshwa na Meremeta, kampuni ambayo Serikali ilikuwa na hisa ndani yake. Wabunge walipotaka kujua mahesabu ya kampuni hiyo, waliambiwa kwamba jambo hilo linagusa usalama wa taifa. Wananchi waliokuwa wakiishi kando ya mashimo yale wanajua maana ya kuambiwa kwamba mambo ya ardhi yao hayawahusu. Ni watu hao hao wanaokaa kwenye mabenchi siku ya Dominika.

Sasa tuitazame sheria ya Kanisa, maana wengi huinukuu nusu. Kanoni ya 536 ya Mkusanyo wa Sheria wa mwaka 1983 inasema kwamba askofu, akiona inafaa baada ya kuwasikiliza mapadre wake, anaweza kuagiza kila parokia iwe na baraza la kichungaji. Paroko ndiye anayeliongoza, na kura ya baraza ni ya ushauri. Kanoni inayofuata, ya 537, ni kali zaidi: baraza la uchumi ni la lazima katika kila parokia. Kwa hiyo kisheria ni mabaraza mawili yenye kazi mbili. Moja linamsaidia paroko kusimamia mali. Jingine linauliza maswali ya uchungaji: nani hafikiwi, kwa nini vijana wameacha kuja, ndoa zinavunjikia wapi, mgonjwa wa kigango cha mbali anapata Komunyo mara ngapi.

Katika parokia zetu nyingi chombo kinachojulikana ni Halmashauri ya Walei, na ajenda yake ya kudumu ni michango. Ujenzi, gari la paroko, mavuno, ugeni wa askofu. Sisemi kutegemeza Kanisa ni jambo dogo. Lakini nikisoma mihtasari kumi ya vikao na yote kumi ikawa inazungumzia saruji, nina haki ya kuuliza ni wapi watu hawa walipata nafasi ya kumwambia paroko kwamba kuna jumuiya imekufa.

Hoja ninayokutana nayo mara kwa mara, hasa kutoka kwa mapadre vijana, ni kwamba ushauri ni ushauri tu, na Kanisa si Bunge. Ni kweli Kanisa si Bunge. Lakini Kanoni ya 127, inapozungumzia mashauri ambayo sheria inamtaka mkuu ayatafute, inamtahadharisha asiende kinyume nayo pasipo sababu yenye uzito, hasa wote wanapokubaliana. Na Hati ya Mwisho ya Sinodi, iliyopitishwa Roma mwezi Oktoba 2024, imekwenda mbele zaidi: inasisitiza mabaraza ya namna hii yawe ya lazima, na inaomba usemi wa "ushauri tu" katika sheria uangaliwe upya. Paroko anabaki na uamuzi wake. Anachopoteza ni ruhusa ya kuamua kana kwamba hakuna aliyesema kitu, na binafsi sioni hasara katika hilo.

Hapa ndipo suala linapotoka sakristia na kuingia katika safu hii ya siasa. Mwezi Agosti 2023 Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania lilitoa tamko kupinga mkataba wa bandari na DP World, likisimama juu ya msingi kwamba wananchi hawakuutaka na kwamba sauti yao inapaswa kusikilizwa. Nililiunga mkono tamko lile na sijabadili msimamo. Lakini muumini aliyelisikia likisomwa kanisani ana haki ya kugeuka na kuuliza: hapa parokiani sauti yangu inasikilizwa wapi? Tukishindwa kumjibu, mtumishi wa Serikali aliyeketi benchi la nyuma atacheka kimoyomoyo, na atakuwa na sababu.

Namna ya kuunda baraza, basi, ndiyo inayoamua litakuwa nini. Maaskofu wa Afrika Mashariki waliamua tangu miaka ya 1970 kwamba jumuiya ndogo ndogo ziwe msingi wa maisha ya Kanisa, na sioni njia bora kuliko kuanzia huko. Jumuiya zichague watu wanaosali nao, kanda na vigango vipeleke wawakilishi, kisha wajumbe wa nafasi zao (paroko na msaidizi wake, watawa, makatekista, vyama vya kitume) waungane nao. Paroko ateue wachache tu, kuziba mapengo yanayoonekana. Uchaguzi wa ghafla baada ya Misa kanisani, watu wakiwa na njaa na watoto wakilia, daima humpa ushindi yule ambaye jina lake limezoeleka kwenye orodha ya michango.

Mapengo yenyewe yanajulikana. La kwanza ni wanawake. Butiama, kijiji cha Mwalimu Nyerere, hakiko mbali na Buhemba, na wengi hupenda kumtaja pale wanapozungumzia wazee waliokaa chini ya mti wakajadiliana mpaka wakaafikiana. Husahau kwamba Mwalimu huyo huyo, katika waraka wake wa Ujamaa Vijijini wa mwaka 1967, alikiri kwamba jamii yetu ya jadi ilikuwa na kasoro ya kumweka mwanamke mahali pa chini. Jumuiya nyingi ninazozifahamu zinabebwa na akina mama. Wanasalisha, wanakusanya, wanazika. Ikifika siku ya uchaguzi, wanampendekeza baba fulani ambaye huja Krismasi.

Pengo la pili ni wachimbaji wadogo. Wanaishi kwenye mahema ya turubai karibu na maduara na karasha, hawana nyumba ya kusalia zamu, majina yao hayamo katika daftari la jumuiya yoyote, kwa hiyo hawapigi kura wala hawapigiwi. Wengine wamebatizwa Bukoba, wengine Kigoma. Wakiangukiwa na kifusi ndipo parokia inapogundua kwamba walikuwa waumini wake. Baraza la mahali kama hapo lisilo na hata kijana mmoja wa machimboni linamshauri paroko kuhusu nusu ya kundi lake. Najua ugumu: utamchagua leo, mwezi ujao amehamia Geita. Achaguliwe mwingine. Kiti kibaki.

Narudi kwa mwenyekiti wetu mwenye uwezo. Mwaka wa pili biashara yake iliyumba, akahama bila kuaga, na mabati aliyoahidi hayakufika. Kwa miezi kadhaa hapakuwa na kikao. Siku paroko alipohamishwa na mgeni kufika, aliomba kumbukumbu za baraza ili ajue pa kuanzia, na hakuna aliyekuwa nazo, isipokuwa mama mmoja wa WAWATA ambaye hakuwa hata mjumbe. Alikuwa ameandika katika daftari la shule la mwanawe, kwa kalamu ya risasi, kila kilichotangazwa kanisani kwa miaka miwili: wagonjwa, wafiwa, jumuiya zilizoacha kukutana, na tarehe. Paroko mpya aliketi naye ofisini hadi jioni.