Mfalme kwenye stempu, mtemi na kombe lake

Mwandishi, katika makala yako umeeleza vizuri medali za kutawazwa, ila umeiruka stempu, na hiyo ndiyo ingeweza kufika hadi huku kwetu Magamba. Mfalme George VI wa Uingereza alipotawazwa London tarehe 12 Mei 1937, posta ya pamoja ya Kenya, Uganda na Tanganyika ilitoa stempu tatu: senti 5, 20 na 30. Mchoro ulikuwa uleule wa makoloni mengine, mfalme na malkia wake. Kilichobadilika ni jina la nchi, bei na rangi. Tanganyika wala haikuwa koloni kamili, ilikuwa chini ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa, lakini sura ya mfalme ikabandikwa tu. (Na kila aliyetuma barua alimlamba mfalme kisogoni!)

Linganisha na majirani zetu Wanyamwezi. Mtemi, yaani chifu wao, alitambulika kwa kibangwa, kisahani cheupe cha kombe kutoka Bahari ya Hindi. Hakikuchorwa uso wa mtu. Uzito wake ulikuwa kwamba kimetoka mbali, ni adimu, na si kila mtu aliruhusiwa kukivaa. Kwangu mimi hicho kilieleza mamlaka kuliko karatasi ya senti 5 inayouzwa dirishani kwa yeyote.

Ukiandika tena, usizisahau stempu za Zanzibar za 1936, za miaka 25 ya Sultani Khalifa bin Harub. Pale angalau mwenye sura alikuwa anaishi Unguja.